Sauti ya Coronela kwenye Kona ya Mkate

5 Mei

Naanza kwa kusema jambo ambalo Bayamo nzima inalijua ila inaona haya kulitamka: mji huu unatembea kwa sababu yangu. Wakubwa wa mji wanaweza kuugua mwezi mzima, hakuna atakayeuliza. Lakini mimi, Fermín Oduardo, nikiumwa jino siku moja tu, wajawazito wanazalia njiani, maiti wanachelewa kuzikwa, na bibi harusi anafika kanisani na gari la farasi, shela limejaa vumbi. Mimi ni dereva, fundi, mbunifu, na kama vita ingetokea ningekuwa jenerali.

Gari langu ni la Kimarekani, la mwaka hamsini na moja, na jina lake ni Coronela, yaani Kanali wa kike. Aliliacha marehemu baba. Injini yake ilitoka kwenye mashine ya Kirusi ya kuvunia mpunga, nikaifunga mwenyewe, na mlango wake wa kushoto ulikuwa friji. Maji ya breki natengeneza kwa shampuu na siri nyingine. Mwaka wa kimbunga kikubwa Coronela alilivuta treni la miwa lililokwama, mabehewa kumi na moja, na mimi ndani nikila ndizi kwa mkono mmoja.

Daftari hili nimepewa na dada yangu Nereida. Alikuwa mwalimu maisha yake yote, sasa kisukari kimemla macho kikamaliza na figo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nampeleka hospitali, damu yake ipitishwe kwenye mashine isafishwe. Analala pale asubuhi nzima, mkono umefungwa mrija. Jana akaniambia, "Fermín, uongo wako umenichosha masikio. Uandike, uje unisomee kule kwenye mashine. Angalau utakuwa na nukta na mkato."

Kwa hiyo msomaji wangu ni yeye. Mimi niliishia darasa la sita, si kwa ujinga. Mwalimu aliishiwa na vya kunifundisha. (Dada, usicheke, mrija utachomoka.)

7 Mei

Mvua za kwanza. Paa la Coronela halivuji. Linavuja kidogo.

12 Mei

Nimemsomea. Wagonjwa wenzake walitega masikio, na mzee mmoja aliyetoka mji wa Guisa aliomba nirudie pale pa treni. Nereida anasema niandike kwamba mabehewa yalikuwa mawili, na yalikuwa matupu. Nimeandika.

Na niandike pia hili, maana yeye mwenyewe haoni kama ni ajabu. Nikifika kona ya duka la mkate nashusha gia, na Coronela anasema prrr-taka-taka, prrr-taka-taka. Nereida anamsikia akiwa jikoni. Anazima jiko, anachukua mkoba na fimbo, anashuka ngazi zake tatu peke yake, hakuna wa kumshika mkono. Nikifunga breki namkuta ukingoni mwa barabara amesimama wima kama askari wa ikulu. Daktari amemkataza kushuka peke yake. Yeye amemjibu, "Nikilisikia lile gari, daktari, naona."

20 Mei

Usaliti katika ukoo. Yudelkis, binti wa Nereida, mpwa wangu wa pekee, ameacha kufundisha kemia na ameleta bajaji ya umeme. Mumewe aliyeko Uruguay ndiye aliyemtumia. Imekuja ndani ya boksi, kama viatu. Ni ya buluu. Akaizungusha mbele ya wacheza domino wa pale kona, na haikutoa sauti hata ya nzi.

"Mjomba, panda basi uone!"

"Nipande nini? Hiyo ni feni yenye viti."

"Feni yangu hainywi. Coronela wako anakunywa kuliko wewe siku ya Jumamosi."

Wakacheka, wasio na adabu. Nikasimama, nikatoa sigara mdomoni. "Coronela akizima barabarani nashuka, nampiga nyundo panapouma, anaamka. Hiyo yako ikizima utafanya nini? Utaiimbia?"

"Nitaichomeka kwenye umeme."

"Umeme upi, mwanangu? Umeme wa hapa ni kama shemeji wa Miami: anakuja, anasalimia, anaondoka kabla kahawa haijachemka."

Hapo wakacheka upande wangu. Evelio, mwenye gari la farasi, hata hakuinua macho kutoka kwenye domino zake. "Endeleeni kugombana, nyie wataalamu. Mafuta ya wangu yanaota kando ya mto."

"Na eksozi yake iko chini ya mkia," nikamwambia.

Halafu nikampa Yudelkis somo. Nikamwambia huo umeme wake unatoka kwenye mtambo wa pwani, na mtambo huo unakunywa mafuta mazito usiku na mchana, kwa hiyo na yeye ana moshi, ila ameuachia watu wengine waunuse. Nilidhani nimemmaliza.

"Kweli, mjomba," akasema taratibu. "Lakini moshi huo haumo kifuani mwa mama. Wa kwako umo."

Nikajibu kwamba Nereida anakohoa tangu kabla yeye hajazaliwa. Ni kweli. Lakini safari hii hata Evelio aliinua macho kutoka kwenye domino zake.

21 Mei

Nereida kasikia habari. "Mnanigombania kama mfupa," kasema. "Moshi wa Coronela naujua tangu baba yuko hai. Nikiunusa najua niko kwetu." Kisha akakohoa mpaka kona ya mkate.

11 Juni

Nimekaa kwenye foleni ya dizeli tangu jana. Nimewafundisha watu wawili kutengeneza pampu, nimeamua ugomvi mmoja wa ndoa. Dizeli haikuja.

24 Juni

Sikukuu ya San Juan. Mvua. Hakuna dizeli.

25 Juni

Hakuna.

27 Juni

Nimepata dumu moja la dizeli kwa mtu nisiyemtaja. Ilikuwa na maji ndani. Coronela kapiga chafya kama bibi kizee, lakini tumefika hospitali na tumerudi. Waseme sasa.

4 Julai

Tukirudi hospitali, mbele ya kituo cha treni, Coronela kazima. Nikashuka, nikampiga nyundo panapouma. Nikampiga na pasipouma. Tangi lilikuwa kavu, hata harufu haikuwamo. Mvua ikaanza. Nereida kakaa ndani na mkoba mapajani, damu yake mpya mwilini, uso mweupe kama unga wa muhogo.

"Tumefika?" akauliza.

"Bado kidogo, dada. Nampumzisha."

"Fermín, unampumzisha katikati ya barabara?"

Vijana walionijua walinisaidia kusukuma. Tulipofika kona ya mkate Nereida akasema, "Kimya hiki sikipendi. Kama tunazikwa."

7 Julai

Dada kaenda na bajaji. Yudelkis ndiye aliyeendesha. Mimi nilikaa nyuma, kwa ajili ya usalama.

Ni laini, sikatai. Haimrushi dada kwenye mashimo. Lakini tulipofika kumchukua, mlangoni hapakuwa na mtu. Tulimkuta jikoni, amekaa kitini na mkoba mkononi, jiko limezimwa tangu alfajiri.

"Mmefika saa ngapi? Hiki kitu kinakuja kama mwizi."

Yudelkis akamshika mkono kumshusha ngazi. Nereida, aliyefundisha nusu ya mji huu kusoma, alishushwa ngazi tatu kama kabati.

16 Julai

Sasa anaanza kusubiri kabla jogoo hajawika, maana hawezi kujua tunafika lini. Nimemwambia Yudelkis apige honi. Amepiga. Lakini honi ziko nyingi, na dada ameinuka kwa ajili ya baiskeli, kwa ajili ya muuza aiskrimu, na mara moja kwa ajili ya lori la takataka. Kwa lori alishuka ngazi mbili. Tumemkuta amekaa ya tatu, goti limechubuka, anajifanya anaota jua.

Nimerudi nyumbani nikakaa ndani ya Coronela. Nilikuwa na kazi ya kukagua dashibodi.

1 Agosti

Joto. Umeme unakatika kuliko unavyowaka. Bajaji inalala na kiu, inaamka na kiu. Pale kona nilisema, "Niliwaambia mimi." Hakuna aliyecheka, hata mimi.

14 Agosti

Leo naandika kirefu, na dada, kesho nikikusomea usinikatize.

Mtaani kwetu kuna sheria ambayo haikuandikwa popote. Umeme ukikatika, unachomoa kila kitu: friji, feni, redio. Ukirudi, mtaa mzima unapiga kelele "Umekujaaa!", watoto wanacheza, na hakuna anayegusa soketi mpaka apike kahawa moja na kuinywa. Umeme ukirudi hurudi na wazimu, kama fahali aliyefunguliwa zizini. Unauacha utulie kwanza. Mtoto wa miaka mitano anajua hivyo.

Ulikuwa umekatika tangu juzi. Yudelkis akaniachia bajaji barazani kwangu, akaenda kutafuta dawa za presha za mama yake. "Mjomba, ukija tu, subiri kahawa, kisha ichomeke. Kesho ni Ijumaa."

"Unamfundisha Fermín Oduardo mambo ya umeme?"

Alasiri mtaa ukalipuka: "Umekujaaa!" Nikafikiri: labda utakaa nusu saa tu. Labda robo. Nikimaliza kahawa utakuwa umeondoka, na kesho ni Ijumaa. Nikamuona Nereida na mkoba wake mapajani. Nikachomeka.

Nilinusa kabla sijaona. Chaja ilitoa mlio mdogo, kama panya, kisha moshi. Mimi, niliyemwambia Yudelkis kwamba na yeye ana moshi.

Yudelkis aliporudi nilimwambia mwenyewe kabla hajauliza. Afadhali angenitukana. Aliketi kwenye ngazi, akaweka dawa pembeni, akavua viatu.

"Mjomba," akasema, "kahawa moja tu."

15 Agosti

Tumempeleka na gari la farasi la Evelio. Mvua ya tangu asubuhi. Nilishika turubai juu ya kichwa cha dada, mpaka mikono ikafa ganzi. Daraja lilikuwa limefunikwa na maji, tukazunguka kwa juu, na farasi alikataa mara mbili.

"Anaitwa nani huyu?" Nereida akauliza.

"Almirante," Evelio akajibu.

"Angalau huyu nasikia anavyotembea."

Tulichelewa sana. Wauguzi walimtafutia nafasi, Mungu awabariki, lakini mashine ilikuwa ikisubiriwa na wengine, akapata muda mfupi kuliko anaohitaji. Jioni miguu ilikuwa imevimba, na kupumua kwake kulikuwa kama mtu anayepanda mlima. Nilitaka kumsomea ya jana. Akasema, "Yudelkis ameshanisimulia. Nisomee ya treni."

Nikasoma ya treni. Nilirudisha mabehewa yote kumi na moja, na hakunisahihisha.

18 Agosti

Chaja mpya iko mji wa Holguín kwa mtu mmoja, na bei yake haisemeki. Dada kaenda tena na Almirante. Nimekaa na Coronela alasiri yote, boneti wazi.

19 Agosti

Nimeuza injini. Kainunua mkulima wa mpunga wa Río Cauto, kwa hiyo imerudi mashambani ilikotoka. Wanaume wanne waliinyanyua. Nilipiga kelele zaidi ya wote, shika hapa, inua pale, ili nisisikie minyororo.

Evelio alikuja kuangalia. Akavua kofia. Nikamwambia, "Vaa kofia yako, mpumbavu, hakuna aliyekufa."

"Nimeona joto tu, Fermín," akasema.

22 Agosti

Bajaji inatembea. Yudelkis amepata kazi ya mchana ya kufundisha watoto wa watu nyumbani, kwa hiyo ameniomba niiendeshe mimi. Ameniomba kwa heshima. Nimekubali kwa masharti yangu.

1 Septemba

Tangazo kubwa. Mimi, Fermín Oduardo, nimebuni kifaa cha sauti cha magari ya umeme. Kimetengenezwa kwa koili ya redio, ngozi ya ngoma na kipande cha eksozi halisi ya Coronela, na kimefungwa chini ya kiti changu, mahali pa siri. Nikifika kona ya mkate nakifungua, na bajaji inasema prrr-taka-taka, prrr-taka-taka. Mhandisi mmoja wa Havana alipita akasikia, akaniomba mchoro. Nimemkatalia.

Leo Nereida alikuwa ukingoni mwa barabara. Amesimama wima, mkoba begani, fimbo mkononi. Ameshuka ngazi zake tatu mwenyewe.

"Ni nini hiki, Fermín? Umemrudisha?"

"Teknolojia, dada."

Akaipapasa bajaji, taa, kioo, mpaka akafika kiti changu. Akaniwekea mkono shavuni kidogo. "Kifaa chako kina homa," akasema. Nikamwambia vyombo vizuri hupata moto.

10 Septemba

Umeme umekatika kisiwa kizima. Betri ilikuwa imejaa kwa sababu nilikunywa kahawa kwanza. Tumefika. Kifaa kinafanya kazi.

24 Septemba

Kifaa kinafanya kazi. Dada anakula kidogo sana. Supu ya malanga, magimbi ya huku, vijiko vitatu, anasema ameshiba.

6 Oktoba

Nimebadili maoni yangu na naandika ili ikae wazi. Dizeli ni ya wanaume, hilo halibadiliki. Lakini Yudelkis ana akili kuliko nilivyomdhania. Nimemwambia. Akasema, "Mjomba, andika tarehe." Nimeandika.

17 Oktoba

Nilikuwa nikimsomea ya treni. Aliomba mwenyewe. Mashine inanguruma, mkono wake juu ya shuka, mzee wa Guisa kitanda cha pili. Nilifika pale ninapokula ndizi kwa mkono mmoja, na hapo huwa anacheka. Hakucheka. Nikadhani amelala, nikashusha sauti nisimwamshe, nikaendelea. Nilisoma ukurasa mzima. Ni muuguzi aliyekuja akaniwekea mkono begani. "Inatosha, Don Fermín," akasema. Mimi nikamwambia bado nusu ukurasa.

Daktari anasema ni moyo, ulichoka. Anasema hakukosa siku hata moja tangu Septemba, na kwamba si kazi ndogo katika mji huu.

18 Oktoba

Gari la kubebea maiti halikuwa na mafuta. Yudelkis alisema tutambeba kwa bajaji. Nikasema hapana. Tukafunga kamba mbele ya Coronela, Evelio akamfunga Almirante, na sanduku tukaliweka juu ya paa la baba. Mimi nilishika usukani wa gari lisilo na injini. Yudelkis alifuata nyuma na ile ya buluu, taa zikiwaka mchana.

Wanafunzi wa dada walijaa barabara nzima, wengine na mvi.

Tulipita kona ya mkate. Mkono wangu ulishusha gia wenyewe. Kwato tu ndizo zilizosikika.

29 Oktoba

Kimbunga kimepita, mto umeingia mitaa ya chini. Nimebeba watu na magodoro siku nzima. Sikuhesabu.

9 Novemba

Mvua zimekwisha. Daftari limebaki kurasa chache, na aliyekuwa akisomewa hayupo, kwa hiyo sina wa kupambia.

Leo tulikuwa tunagawa nguo zake. Nikamwambia Yudelkis nitakifungua kile kifaa nimpe kipande cha eksozi, awe na kumbukumbu ya mama yake. Akaniangalia, gauni la dada likiwa mkononi mwake.

"Mjomba, mama alijua."

"Alijua nini?"

"Siku ya kwanza kabisa. Aliniambia, 'Mashine gani hiyo inayokata pumzi ikifika mlangoni, halafu inakohoa tumbaku?' Akaniapisha nisikwambie. Akasema, 'Mwache. Anaifanya vizuri kuliko Coronela mwenyewe.'"

Nilikunja blauzi moja mara nyingi.

Basi niandike. Kifaa hakikuwapo. Chini ya kiti changu hakuna koili wala ngozi ya ngoma, kuna kitambaa cha kufutia kioo tu. Ulikuwa mdomo wangu. Nilikuwa naanza kwenye duka la mkate, mashavu yamejaa, midomo inatetemeka, mate yananirukia kidevuni, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, mbele ya foleni nzima ya mkate.

Na asubuhi ya leo nilikuwa nimebeba mama mmoja na kuku zake wawili. Tulipofika kona akanigusa bega. "Mzee, una nini? Unaumwa?"

Nikamwambia ni jino. Si jino. Kila nikifika pale, bado nafanya.